Nijaze ya Ngapi?

Tuliinunua Ruai, kwa mfuga kuku:
Datsun pikapu, umri wake na wa mama yangu mmoja,
rangi ya chai iliyopoa,
manyoya meupe yamejibanza chini ya viti
na injini inayokohoa kabla ya kuongea
kama mtu aliyekuja kukopa.

Jumamosi ya kwanza tukaing'oa.
Kerubo kwenye mnyororo, Lelei akihesabu,
Odanga akiita nati kwa majina kama anasoma rejista.
Ikapanda polepole, ikichuruza oili nyeusi sakafuni,
na pale ilipokuwa pakabaki pengo
kama la mtoto wa darasa la kwanza.
Mwalimu wa karakana akachungulia.
"Kutoa ni rahisi," akasema. "Hata mwizi hutoa."

Kutia kukachukua miezi minne.
Mota tuliipata kwenye foklifti iliyokufa Eneo la Viwanda.
Seli tulizitoa katika betri za kompyuta zilizotupwa,
mia saba na ushei,
tukazichambua usiku kama mchele:
hii nzima, hii nzima, hii imekufa,
hii inadanganya.

Bamba la kuunganisha mota na giaboksi
tulilikereza mara tatu.
La kwanza lilikosea kwa unene wa ukucha.
La pili, unywele.
La tatu liliingia likatulia,
na Kerubo akaketi sakafuni akalia,
akasingizia moshi wa kulehemu.

Siku ya kuijaribu, stima ikapotea mtaa mzima.

Kuna jambo sikuwaambia:
karo yangu hupimwa kwa lita.
Mama huuza mafuta Barabara ya Jogoo,
sare nyekundu, bomba mkononi, miaka kumi na tisa.
Petroli ndiyo harufu ya kwetu,
iko kwenye mto, iko kwenye leso,
iko kwenye noti alizonikunjia kila muhula.
Utotoni nilidhani mama wote hunukia hivyo.
Basi kila nati niliyoikaza
nilihisi kuna mahali pengine inalegea.

Ilipoondoka hatimaye, haikusema neno.
Odanga alikuwa ameinama akitafuta koleo,
akainuka,
gari halipo.

Jumapili jioni nikaiendesha hadi kwake.
Njia nzima nikipanga jibu
la swali nililojua ataniuliza.

Alikuja akitazama tangi, si dereva,
ndivyo wanavyofunzwa.
"Karibu. Nijaze ya ngapi?"
Kisha akaniona.
Akaizunguka mara moja, mikono nyuma.
Akafungua kifuniko cha mafuta
akakuta soketi,
akaiwekea kidole juu, kidogo tu,
kama anapima homa.
"Bomba la moshi?"
"Tulilitoa."
"Mm."

Lile swali hakuliuliza.
Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma,
akaligonga kwa kiganja.
"Mnajenga gari la stima
halafu tairi mnaliacha limelegea hivi, kama kitambi cha mlevi?"
Akaleta mpira wa upepo, akajaza yote manne,
akafuta kioo kwa lile tambara lake,
pembe hadi pembe,
huku Probox nyuma yangu ikipiga honi
naye akiijibu kwa mgongo.

Kisha akanyoosha mkono.
Nikacheka. Hakucheka.
Nikampa hamsini, akaitia kwenye mfuko wa sare,
si ule wa kampuni, ule wake.

"Haya, liondoe nisikie."

Nikakanyaga.
Kwenye kioo cha pembeni nikamwona akizidi kuwa mdogo
kati ya zile pampu mbili,
kichwa amekiinamisha upande mmoja,
bado anasikiliza.